Hewa ya Kwaraa

Mimi sipendi mtu anayenichelewesha. Mama anajua, majirani wanajua, na kila mwenye bajaji hapa Nakwa anajua kwamba akisema “nafika” wakati bado yuko stendi, atanisikia. Lakini Ijumaa ile nilikaa kwenye nyasi kando ya Ziwa Babati nikimsubiri Romanus, jua likanichoma, viboko wakakoroma huko kwenye magugu, na wala sikumpigia kumuuliza amefika wapi. Nilikuwa naomba achelewe. Achelewe kabisa, ikiwezekana asije, kwa sababu akifika ilikuwa lazima nimwambie.

Na kesho yake wazee wake walikuwa wanakuja kuniposa.

Niseme kwanza kazi yangu, ingawa nimeshaieleza Babati nzima mpaka mdomo umechoka. Mimi nasoma hewa za sayari za mbali. Watu wakisikia nashughulika na nyota wananijia na shida zao. Mama Noela, jirani yetu, aliwahi kuniletea kuku ili nimsafishie binti yake nyota apate mume. Nikamwambia, “Mama Noela, mimi si mganga.” Akanitazama kwa huruma, akasema, “Ndiyo maana na wewe hujaolewa.” Kuku wake akaondoka naye.

Huko juu kuna nyota ndogo, nyekundu, zisizo na joto kali kama Jua letu, na baadhi zimezungukwa na sayari za mawe kama hii Dunia yetu. Sayari yenyewe huioni. Unachofanya ni kusubiri ipite mbele ya nyota yake, zaidi ya mara moja, na kila ikipita unapima mwanga. Kama sayari ina hewa, mwanga kidogo unapenya kwenye hewa hiyo ukija kwetu, na kila aina ya hewa inakula rangi zake. Ukijua rangi zilizoliwa, umejua hewa ni ya nini. Darubini iko angani, mbali kuliko mwezi. Vipimo vinashuka, na mimi ninavipokea chumbani kwangu Nakwa, dirisha likitazama mahindi ya Mama.

Ni kazi ya upweke, nisidanganye. Wenzangu wako Ulaya na Marekani. Nawaona kwenye kompyuta, tunacheka, mtu anasema kwaheri, kioo kinakuwa cheusi na mimi nabaki natazamana na sura yangu. Baba alipofariki nilirudi nyumbani ili Mama asikae peke yake. Basi tukawa wawili, kila mmoja peke yake.

Romanus ndiye aliyekuwa ananielewa. Mtoto wa Bonga, wazazi wake walishuka zamani kutoka milima ya Mbulu wakaja kulima huku chini. Tulisoma fizikia pamoja Dar es Salaam, tukapendana kwa kugombania kiti cha mbele, na baadaye tukaingia timu moja: yeye akiwa Ujerumani, mimi Babati. Sayari tuliyopewa ilikuwa na jina la herufi na namba tu, kama pikipiki. Romanus akasema hapana, mtoto hawezi kukosa jina. Tukaiita Kwaraa, kama mlima wetu. Kila siku tuliongea kuhusu Kwaraa, na katikati ya Kwaraa tukaongea mengine yote.

Kwenye timu yetu kuna utaratibu. Vipimo vikishashuka, watu wawili wanapiga hesabu, kila mmoja kwake, bila kuchunguliana, mpaka wote wamalize. Romanus alimaliza kwanza, na hakuweza kunisubiri. Akasema ameona mvuke wa maji kwenye hewa ya Kwaraa. Jamani, timu ilipiga kelele! Mkuu wetu akamwahidi ajira ya kudumu, na Romanus akapanda ndege kuja kuoa. Ikabaki mimi tu kumaliza hesabu zangu, na kila mtu alijua nitakuja na jibu lile lile.

Nilimaliza Alhamisi.

“Shikamoo, mwalimu.”

Nikageuka. Alikuwa ameshuka kwenye bodaboda, shati jeupe, vumbi hadi kwenye nyusi, na ule mwanya wake ukicheka kabla yake. Moyo wangu, mpumbavu huyo, ukaruka.

“Usinishikamoo mimi. Umechelewa.”

“Nilikuwa na Mama. Anataka kujua mama yako anapenda kitenge cha rangi gani.” Akaketi karibu sana, bega lake likagusa langu. Mwaka mzima nilikuwa nimeliona bega hilo kwenye kioo tu. Akanitazama. “Umenuna.”

“Sijanuna.”

“Xave, wewe ukinuna pua inatangulia.”

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikasema haraka kabla sijafanya lolote kati ya hayo mawili. “Nimemaliza hesabu za Kwaraa.”

“Sema kweli!” Akanishika mkono. “Umeuona mvuke?”

“Nimeuona mara ya kwanza ilipopita. Mara ya pili haupo.”

Mkono wake haukuondoka, lakini niliusikia ukilegea.

“Vipimo vya pili ni vichafu,” akasema.

“Si vichafu. Nimevipitia mpaka macho yakawasha. Kilichobadilika ni nyota, Romanus. Mara ya kwanza ilikuwa na madoa makubwa usoni. Mara ya pili imejizungusha, madoa yameenda nyuma, na mvuke nao umeenda. Unajua mwenyewe nyota ile ilivyo baridi. Ndani ya madoa yake mvuke wa maji unakaa. Maji tuliyoshangilia ni ya nyota. Si ya Kwaraa.”

“Na Kwaraa?”

“Kwaraa sijui. Inawezekana ni jiwe tupu.”

Nilitegemea ashtuke. Nilitegemea aniulize maswali kumi na abishe kama anavyobisha siku zote, mpaka tuchore kwenye mchanga. Hakuuliza hata moja. Akatazama ziwa. Hapo ndipo nilipoelewa.

“Ulikuwa unajua,” nikasema.

“Nilikuwa nahisi.”

“Tangu lini?”

“Tangu vipimo vya pili viliposhuka.”

“Ukaviacha nje ya hesabu.”

“Sikuviacha nje. Niliviweka pembeni.”

“Romanus!” Mama mmoja aliyekuwa anakaanga perege pale jirani akageuka kututazama. Sikujali. “Uliviweka pembeni? Perege ndiyo anawekwa pembeni! Wewe umewaambia watu umeona maji!”

“Punguza sauti, tafadhali. Nisikilize.” Akanigeukia mzima mzima. “Jumatatu timu inatangaza. Ile ajira ni kwa ajili ya Kwaraa. Bila Kwaraa mkataba wangu unaisha na narudi Bonga kulima alizeti na mzee. Baba yako mdogo alisema nini juu yangu? Sema.”

“Unajua alichosema.”

“Kwamba hawezi kumpa binti wa marehemu kaka yake mwanaume ambaye kazi yake haieleweki. Sasa kazi imeeleweka. Ameniita mwanangu juzi, Xave! Halafu unataka wazee wangu waende kwake kesho, mimi nikiwa sina kitu?”

“Mimi nilikutaka wewe. Sikuitaka ajira yako.”

“Wewe, sawa. Na ukoo wako je?”

Hapo alinishika pabaya, na alijua. Akashusha sauti, ile sauti yake ya usiku, ya simu, ambayo imenibembeleza mara nyingi. “Ninachoomba ni usiwaonyeshe hesabu zako kwa sasa, useme tu zinakubaliana na zangu. Posa ipite. Ndoa ipite. Siku moja watu wengine watapima tena, wataona, watasema ni kosa la kawaida. Makosa yapo kwenye kazi hii. Nani atajua?”

“Mimi nitajua.”

“Wewe utakuwa mke wangu.”

“Kwa hiyo mke ni wa kukufichia?”

“Sikusema hivyo.”

“Umesema hivyo hivyo!” Nikasimama. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga, kwa sababu nilimpenda mwanaume yule kuliko nilivyojipenda mwenyewe na nilijua ningeweza kukubali. Ningeweza kabisa. Ndiyo maana nikapandisha sauti. “Sikia, Romanus. Leo hii mpigie mkuu umwambie ukweli. Ukishamwambia, kesho wazee wako waje, na mshenga aje na neno hilo kinywani: Romanus amesema ukweli. Basi. Nikilisikia naolewa na wewe hata tukila makande mpaka uzeeni. Nisipolisikia, wamekuja kuposa mtu mwingine.”

“Unaniwekea masharti?”

“Nakuwekea.”

“Xaveria...”

Sikusubiri. Nikapanda bodaboda ile ile iliyomleta. Simu ikaita kabla hatujafika barabarani. Ikaita tena. Nikamfungia: asiweze kupiga, asiweze kutuma ujumbe, asiweze chochote. Nikitaka kitu nakitaka sasa, na nikifunga mlango naufunga kwa kishindo, ndivyo nilivyoumbwa. Nikajifunika mtandio usoni nikalia mpaka Nakwa.

“Dada, ni msiba?” dereva akauliza.

“Endesha.”

Jumamosi asubuhi nyumba ikajaa wanawake. Shangazi Scholastica alikuwa amefika na mabasi ya jana kutoka Rombo, na kama kawaida yake akachukua uongozi wa jikoni bila kuchaguliwa. Vitunguu, ndizi, nyama, vigelegele vya mazoezi. Mama alipita pita akiwa kwenye gauni lake la Jumapili, anatabasamu peke yake. Tangu Baba azikwe sikuwa nimemwona akitabasamu namna ile. Ningemwambia nini? Kwamba pengine leo hakuna posa? Nikamenya vitunguu, navyo vikanisaidia kuficha macho.

Nilifungua kompyuta mara moja. Kimya. Hakuna neno kwenye timu, lakini ilikuwa Jumamosi, na Wazungu Jumamosi hata nyumba ikiungua wanasubiri Jumatatu. Nikashika simu. Kidole kikaenda kwenye jina lake. Nikifungua tu, pengine kuna ujumbe wake, pengine anapiga sasa hivi.

“Weka hiyo simu,” Shangazi akasema. “Binti hatongozwi siku ya posa.”

“Nilikuwa naangalia saa, Shangazi.”

“Saa iko ukutani.”

Nikaiweka. Nisimsingizie Shangazi, ningeweza kuichukua tena. Ila nilikuwa nimemwambia waje na neno, na mimi sikutaka kuonekana nalitafuta. Kiburi kikikukalia kichwani hakikuulizi kama umekula.

Wageni wakafika. Kwa kawaida yetu mwoaji mwenyewe haji. Anabaki kwao akisubiri kupigiwa. Walikuja Mzee Anselimu, kaka mkubwa wa baba yake Romanus, mrefu, mkavu, mwenye fimbo. Mzee Basil, mshenga, mtu mwenye maneno matamu ambaye ameposea nusu ya vijana wa Bonga. Na Mama Romanus, mfupi, mnyamavu, amejifunga kitenge kipya kilichokuwa bado na ukakamavu wa dukani. Mimi nikafichwa chumbani na Shangazi. Kati yangu na sebule kulikuwa na pazia tu. Nikasimama nyuma yake, sikio limetangulia.

Baba Mdogo Theodori, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, ndiye aliyekaa kwenye kiti cha Baba. Akasafisha koo. “Karibuni. Mmepotea njia?”

“Hatujapotea, mzee,” Mzee Basil akasema. “Sisi kule Bonga tuna nyumba. Imeezekwa, imepakwa rangi, imekamilika. Tatizo ukiita ndani, inaitika yenyewe. Tumesikia hapa Nakwa kuna sauti nzuri, tukasema twende tukaombe.”

Watu wakacheka. Vigelegele. Bahasha ya posa ikawekwa kwenye sinia, juu ya kitambaa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasubiri. Sema sasa, Mzee Basil. Sema: kijana ametutuma na neno.

Mzee Basil akasifu ukoo wetu. Akamsifu marehemu Baba. Akasifu mahindi ya Mama aliyoyaona akiingia. Akanywa maji. Akaegemea kiti.

“Na huyo kijana,” Baba Mdogo akauliza, akivuta maneno, “ile kazi yake ya nyota, bado anayo? Maana mimi nilikuwa na wasiwasi.”

Pazia lilikuwa jepesi. Niliweza kuona kivuli cha Mzee Basil kikijiweka sawa kwenye kiti.

“Mzee wangu,” akasema kwa ile sauti yake tamu, “kijana ni mzima, anamcha Mungu, na kazi zake zinakwenda vizuri sana.”

Basi.

Nilishika ukuta. Zinakwenda vizuri. Yaani hakumwambia mkuu kitu. Yaani nilimwambia wasije bila neno, na amewatuma hivyo hivyo, na vitenge na sinia na mama yake, akijua kwamba mbele ya watu wote hawa nitaona aibu na nitanyamaza. Alikuwa amenipima, akaniona mimi ni wa kuwekwa pembeni kama vile vipimo. Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa nyuma ya lile pazia, na nyumba imejaa watu waliokuja kwa ajili yangu.

“Twende,” Shangazi akaninong'oneza. “Tembea polepole. Angalia chini.”

Nikatoka. Nikapiga magoti katikati ya sebule. Sikuangalia chini, niliangalia sinia.

“Xaveria,” Baba Mdogo akasema. Sauti ilikuwa laini, alikuwa amefurahi. “Wageni hawa unawafahamu?”

Binti anatakiwa kusema ndiyo. Akisema ndiyo anaulizwa, je, tupokee? Akisema tupokeeni, vigelegele vinapasua bati. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo kwenye posa za wenzangu zote, na kila mara nilijiwazia mimi.

Mama alikuwa ananitazama. Nilimpenda Romanus pale pale, nikiwa nimepiga magoti. Hilo ndilo lililoniuma.

“Nawafahamu,” nikasema. “Nawafahamu wote. Aliyewatuma ndiye nisiyemfahamu.”

Huko jikoni mtu alikuwa ameanza kigelegele, kikakatika.

“Sema tena,” Baba Mdogo akasema. Hakuwa laini tena.

“Simfahamu aliyewatuma. Msiipokee.”

Shangazi akasema “Mungu wangu” na kuketi pasipokuwa na kiti. Mama akaziba mdomo kwa kiganja. Mzee Anselimu alinitazama bila hasira, akachukua bahasha yake kwenye sinia, akaitia mfukoni. Akasimama kwa fimbo.

“Tumesikia,” akasema. “Asanteni kwa maji.”

Wakatoka. Chakula cha watu wote wale kilikuwa kinanukia nyumba nzima, na hakuna aliyethubutu kuwaambia wakae wale. Baba Mdogo alianza kunifokea, nadhani. Niliona mdomo wake. Mimi nilikuwa natazama mgongo wa Mama Romanus ukielekea nje, na kitenge kile kipya, na sikuweza. Nikainuka nikamkimbilia. Nikamkuta mlangoni mwa ua, wazee wametangulia kwenye gari la kukodi.

“Mama. Mama, nisamehe. Wewe hujanikosea kitu.”

Hakugeuka haraka. Alipogeuka, macho yake yalikuwa yamelowa.

“Mwanangu,” akasema, “hata baada ya alichofanya jana?”

“Amefanya nini?”

“Si ndiyo ulivyotaka? Usiku kucha alikuwa kwenye simu na yule mkuu wake, Kiingereza tu, mimi sielewi. Nikasikia analia. Nikaingia, nikamuuliza, baba, kuna nini? Akasema, Mama, nimewaambia ukweli, sina kazi tena, lakini nimepata mke.” Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. “Nikasema basi, mke ni bora kuliko kazi. Asubuhi akampa Mzee Basil neno akuletee. Akalirudia mara mbili, asije akasahau. Nilidhani ameshakufikishia pembeni.”

Nadhani nilikwenda kwenye gari kwa kukimbia, kwa sababu nakumbuka vumbi kwenye gauni. Mzee Basil alikuwa ameshakaa kiti cha mbele.

“Mzee, ulipewa neno!”

Akashusha kioo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeaibishwa bila kujua kosa lake. “Neno gani, binti?”

“Kwamba Romanus amesema ukweli! Nilikuwa nalisubiri! Kwa nini hukulisema?”

“Lile la kuacha kazi?” Akanishangaa kabisa. “Binti yangu, baba yako mdogo ananiuliza kama kijana ana kazi, mimi nimwambie jana usiku amefukuzwa? Mbele ya sinia? Nimeposea watu maisha yangu yote. Posani tunataja baraka. Hasara mtaambiana wenyewe mkishaoana.”

“Lilikuwa ndilo neno lenyewe!”

“Nililihifadhi kwa nia njema,” akasema, na sauti yake tamu ikakauka. “Nilitaka upate mume.”

Nikamgeukia Mzee Anselimu, nikapiga magoti tena, safari hii barabarani, majirani wakitazama, Mama Noela akiwa mstari wa mbele. “Baba Mkubwa, nirudishieni swali. Niulizeni tena. Nimekosea, sikujua. Ninamfahamu. Hakuna mtu ninayemfahamu kama yeye.”

Mzee alinitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonimaliza.

“Mwanangu, simama, usijichafue,” akasema. “Ningekuwa peke yangu ningekuuliza tena. Lakini nimetumwa na ukoo. Kwetu sisi hatuposi mlango mmoja mara mbili. Babu yetu aliacha hivyo, na mimi si wa kwanza kuumia nalo.”

Mama Romanus akanigusa kichwani kwa kiganja, mara moja, akaingia kwenye gari. Wakaondoka kuelekea barabara ya Bonga, na mimi nikabaki pale njiani mpaka vumbi lao likatulia.

Nyumbani walikuwa wanagombana. Sikuingia sebuleni. Nikapitia nyuma, kwenye mahindi, nikaketi chini ya dirisha langu na simu mkononi. Nikamfungulia. Nilifikiri atakuwa ameshapigiwa na wazee, atakuwa amezima simu, na nilikuwa nimeshajiandaa kwa hilo. Nikapiga.

Alipokea kabla haijaita vizuri.

“Xave! Umenifungulia!” Alikuwa anacheka, na sauti imekauka kwa usiku aliokesha. “Basi neno limefika. Nilijua Mzee Basil hawezi kuniangusha. Nimepiga simu zao zote, hakuna anayepokea, nikasema hawa wako kwenye kula.”

“Romanus...”

“Subiri, niseme kwanza, maana nimekaa nalo tangu jana. Ulikuwa sahihi. Nilikuwa mjinga, nilitaka nikupate kwa njia yoyote ile. Mkuu amenifokea, lakini mwishoni akasema asante. Tutapima tena Kwaraa, hata kama si mimi nitakayepima, utapima wewe. Mimi nitakulimia alizeti.” Akacheka tena. Nyuma yake nikasikia watu wengi, na mtoto akipiga debe. “Unasikia? Wamejaa hapa, wanasubiri habari. Wamechinja mbuzi tayari, nimewaambia wasubiri, hawasikii. Haya, wamekuuliza? Umewajibu nini? Hapana, ngoja, usiseme haraka, miguu haina nguvu. Ngoja nikae kwanza.”

Nikasikia kiti kikiburutwa. Nikasikia akiwanyamazisha watu, nao wakanyamaza, wote.

“Haya, nimekaa,” akasema. “Niambie.”

Nikamwambia.